Fundi kanifutia video za harusi 11 halafu ananiambia "SAFI KABISA"!!!

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, nimetoka kwake sasa hivi. Simtaji, watu wa Mtwara mnamjua, yule mwenye meza ya kioo na mdomo mkubwa kuliko sabufa zake. SAFI KABISA. Ndo alivyoniambia mbele ya wateja.

Iko hivi, juzi umeme umekatika nahamisha video za harusi ya Mikindani, diski ni moja ya TB 2, Linux inayoendesha mashine humohumo na kazi humohumo, umeme kurudi mashine inaishia skrini nyeusi imeandika initramfs, yaani Linux imekwama kabla haijawaka, inasema mfumo wa faili (ile ramani ya diski inayojua kila faili liko wapi) una hitilafu, fsck iendeshwe kwa mkono. Sikutaka kubahatisha na kazi za watu nikampelekea anayejiita mtaalamu. Kachomeka flashi yake, badala ya fsck kaandika mkfs! Fsck inakagua na kutengeneza, mkfs inajenga mfumo mpya juu ya ule uliopo, yaani umemwita azibe bati linalovuja yeye kabomoa nyumba anakukabidhi kiwanja.

Na mashine ILIMUULIZA jamani, ilimuuliza kabisa, humu tayari kuna mfumo wa faili wa ext4, uendelee tu? Akabonyeza y kama anafukuza nzi. Akageuka, "bro, mfumo wako safi kabisa, hauna kosa hata moja." Utakuwaje na kosa wakati hauna kitu! Harusi 11, mahafali 3, na video ya bibi wa Naliendele aliyefariki mwezi wa 4, familia haina nyingine. Safi kabisa! Halafu anadai 30,000. Ningekuwa sijalelewa ile meza ya kioo ningeipandisha kivuko cha Msangamkuu nikaizamishe katikati ya maji.

kaka_wa_chuno: Pole mkuu. Usiiwashe tena hiyo mashine. Ni HDD (ya sahani inayozunguka) au SSD (ya chipu)? Kama SSD, mkfs ya ext4 huwa inaiamuru diski itupe bloku zote, yaani vipande vyote vinavyobeba data, hapo matumaini madogo sana. Kama HDD ichomoe, inakili nzima kwa programu ya ddrescue kwenye diski nyingine, halafu PhotoRec, ile ya kufufua faili zilizofutika, uiendeshe juu ya nakala. Majina ya faili hayarudi na video ndefu zinaweza kutoka vipandevipande.

Mleta uzi: HDD. Asante kaka. Lakini umeelewa kaniambia SAFI KABISA?

tumbili_wa_masasi: Hahahaa kiwanja 😂😂 si uombe na hati sasa

msomaji_kimya: Alitakiwa aanze na e2fsck -n (e2fsck ndo fsck ya ext4), hiyo inaangalia tu haiandiki kitu. Supabloku kuu, ile yenye maelezo ya mfumo mzima wa faili, ikifa kuna nakala zake, mara nyingi ya kwanza iko bloku 32768, unaielekeza e2fsck hapo kwa -b. Sasa mkfs imeshaandika mpya mpaka kwenye hizo nakala. Inauma.

Mleta uzi: NA ILIMUULIZA!!

mama_korosho: Mwanangu harusi 11 kwenye diski moja bila bakapu, na wewe ni fundi mwenzake tu.

dada_shangani: Subirini kwanza, huyu si ndo mpiga picha aliyechukua advansi yangu ya mahafali 50,000 akasema wiki 2? Huu ni mwezi wa tatu tangu nimpe, dada yenu sijaona hata picha ya kofia!

Mleta uzi: Dada, kazi yako ilikuwa humo humo, nakuapia. Ilikuwa imebaki kupunguza sauti ya upepo tu.

dada_shangani: Basi nirudishie hela yangu

kipanga_lindi: Huyo wenu afadhali. Huku Lindi nimepeleka simu ibadilishwe chaji sistimu, imerudi inachaji haishiki laini.

tumbili_wa_masasi: Mimi wa cherehani kanishonea suruali mguu mmoja wa baba mwingine wa mtoto, Idd imenikuta na kanzu ya kuazima

mama_korosho: Afadhali nyie. Wa friji kaja kuweka gesi, kaondoka na kompresa eti anaenda kuipima. Tangu kabla ya msimu wa korosho. Samaki nawauza bei ya kutupa.

kipanga_lindi: Mama huyo wa friji ana pikipiki nyekundu?

mama_korosho: Eeeh!! Umemwona wapi baba?