Tupeane uzoefu: kupima presha nyumbani hadi namba iaminike

Kijani_Kibichi
Wakuu, salaam kwenu nyote. Humu tunaanza na habari za asubuhi, mchana tuko kwenye siasa, usiku mtu anatuma picha ya mashine inayosoma 158 kwa 96 na kuuliza kama amekwisha. Mmoja anamwambia achemshe majani fulani, mwingine anamwambia akimbie hospitali sasa hivi. Hakuna anayemuuliza alipimaje. Naomba uzi huu ubaki hapo tu. Anayejua mashine aseme mashine, anayejua dawa aseme dawa. Visa vya jirani na shangazi tuviweke pembeni kwa leo.

Naanza na namna ya kukaa, maana makosa mengi yako hapo. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha namba ya juu (inayotajwa kwanza, kama ile 158) kwa 10 au zaidi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo uegemee kabisa, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipandane. Mkono uwe juu ya meza, umelegea, mkanda wa mashine unaovaliwa mkononi uwe usawa wa moyo. Kaa hivyo kimya dakika 5, ndipo ubonyeze.

Simu weka mbali. Kuongea tu wakati mkanda unabana kunaweza kuongeza takriban 10. Ukipima katikati ya mabishano ya siasa, namba utakayopata ni ya mabishano yale.

Fundi_Vifaa
Asante mkuu kwa kuanzisha. Hilo la usawa wa moyo watu hulipuuza kwa sababu hawajui linafanyaje kazi. Damu ina uzito. Mkono ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, namba zote mbili hupanda kwa milimita 7 hadi 8 za zebaki. Ukiinuka sentimita 10 juu ya moyo, hushuka kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo anayepima mkono ukining'inia kando ya kiti anajiongezea presha asiyokuwa nayo. Meza ikiwa fupi, weka mto.

Sasa mkanda, ambao kwangu ndio kiini cha yote. Chukua tepu ya fundi cherehani. Tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, zungusha tepu hapo bila kubana, usome sentimita. Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mwenye mkono wa 35 akiutumia huo, mashine itamsomea juu kuliko hali halisi, kwa sababu mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda hauuzunguki mkono vya kutosha na inabidi ubane zaidi ndipo mshipa uzibike. Mfuko wa ndani unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mkubwa mno nao hukosea, husoma chini. Vipimo vimechapishwa kwenye mkanda wenyewe, vitazame kabla ya kulipa.

Kuuvaa: mkono uwe wazi. Usikunje shati hadi likabana juu ya mkanda, hilo linakuwa mkanda wa pili. Ukingo wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko, na mpira wa hewa upite upande wa ndani wa mkono. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Vikipita vitatu umelegea, kisipopita hata kimoja umebana.

DadaZamu
Naongezea ratiba, maana kipimo kimoja hakimwambii daktari kitu. Siku 7 mfululizo ndiyo nzuri, zisipungue 3. Asubuhi pima mara 2, jioni mara 2, ukiacha dakika 1 kati ya kipimo na kipimo. Ya asubuhi ipimwe kabla ya kula na kabla ya dawa. Andika zote, hata usiyoipenda. Siku ya kwanza iondoe, kwa kuwa mwili bado unaishangaa mashine. Zinabaki siku 6, vipimo 24. Jumlisha namba za juu zote ugawe kwa 24, kisha namba za chini vivyo hivyo.

Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, miongozo mingi inauhesabu kuwa presha ya juu. Kliniki mstari ni 140 kwa 90. Marekani tangu 2017 wameshusha, wanatumia 130 kwa 80. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana humu na wote wakawa na karatasi mkononi. Tofauti ya nyumbani na kliniki ipo kwa sababu wengi hupanda wakimwona mhudumu. Wapo pia wa kinyume chake: kliniki wako sawa, nyumbani na kazini wako juu. Hawa ndio wa kuwahurumia zaidi, kwa sababu hakuna anayewashtukia.

Jambo moja kabla ya yote: siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Ukiona mmoja uko juu, baada ya hapo tumia huo huo daima. Tofauti ikizidi 10 na ikajirudia siku nyingine, mwambie daktari.

Mwanafunzi_wa_Maisha
Shikamooni wakubwa. Mashine za kuvaa kwenye kifundo cha mkono zinafaa? Na ile picha ya 158 kwa 96, kwa kweli ni dharura?

Fundi_Vifaa
Marahaba. Ya kifundo si chaguo la kwanza. Kifundo kikiwa pajani kiko mbali sana na moyo, na wengi huisahau hesabu ya sentimita 10. Inabaki kwa mtu ambaye mkono wake wa juu hauwezi kupata mkanda unaofaa. Ya kidole achana nayo. Kabla ya kununua angalia kama aina hiyo imo kwenye orodha ya STRIDE BP, wanaandika zilizopimwa na kuthibitishwa.

Tena, mashine hizi hazisikilizi mapigo kama daktari mwenye kipimo cha masikioni. Zinapima mtikisiko wa hewa ndani ya mkanda, kisha zinakokotoa. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio atapata namba zinazorukaruka. Huyo apime mara 3 atoe wastani.

DadaZamu
158 kwa 96 mara moja, bila dalili, si dharura. Anza ratiba ya siku 7. Dharura ni hii: 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja kulegea, ulimi mzito, macho kutoona vizuri au kuchanganyikiwa. Hapo usirudie kupima, ondoka. Namba ikiwa hiyo bila dalili yoyote, tulia dakika 5 urudie; ikibaki, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo.

Mfamasia_wa_Jioni
Na tafadhali sana, msimweke mtu kidonge cha nifedipine chini ya ulimi. Huishusha presha ghafla, ubongo na moyo vikakosa damu ya kutosha, na mtu anaweza kupata kiharusi kile kile mlichokuwa mnakikimbia. Wala usiongeze dozi kwa kutazama kipimo kimoja.

Kwenye daftari acheni safu ya dawa nyingine. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha. Dawa za kuzibua pua zenye pseudoephedrine nazo hupandisha. Inayosahaulika zaidi ni vidonge vya kutoa povu majini. Kidonge kimoja cha paracetamol cha aina hiyo kinaweza kuwa na miligramu 400 hivi za sodiamu. Anayekunywa 8 kwa siku anapita gramu 3, wakati Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 2 kwa siku nzima, yaani chumvi chini ya gramu 5. Mtu anaacha kutia chumvi chakulani na bado anaimeza kwenye glasi. Ukisoma sodiamu kwenye pakiti, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Chumvi mbadala yenye potasiamu inasaidia wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone, asiiguse kabla ya kuuliza. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

MkungaWaZamani
Wajawazito wana hesabu yao. Baada ya wiki 20, 140 kwa 90 haisubiri siku 7, ni kumwona mhudumu siku hiyo. 160 kwa 110 ni kwenda sasa hivi, hata kama anajisikia mzima. Na mashine iwe imethibitishwa kwa wajawazito, kwa sababu zilizo sahihi kwa wengine zinaweza kuwasomea chini wao.

Kijani_Kibichi
Asante dada. Wazee je, wanaosikia kizunguzungu wakisimama?

DadaZamu
Apime akiwa amelala au amekaa dakika 5, asimame, apime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, iandikwe na ifikishwe kwa daktari pamoja na saa aliyomeza dawa. Awepo mtu wa kumshika, na kiti kiwe nyuma yake.

Fundi_Vifaa
Na mashine ipelekwe naye siku ya kliniki. Ipimwe zamu kwa zamu na ya pale, mkono ule ule. Wastani ukitofautiana kwa 5 au pungufu, iko sawa. Ukizidi 10, badilisha. Kabla ya kuitupa tia betri mpya na kagua mpira kama una ufa. Mkanda ukichoka hubanduka katikati ya kupima, na huo huuzwa peke yake.