Maganda ya risasi yananipiga usoni: nibadilishe ejekta au ekstrakta?

Msakina: Wakuu, heshima kwenu. Nina bastola, Glock 19 Gen3 (kizazi cha tatu), leseni ninayo. Maganda yanatoka ovyo: moja linaruka kulia, jingine linanigonga kwenye paji, jingine linadondoka miguuni. Kila magazini lazima moja libanwe likiwa limesimama kwenye dirisha la slaidi. Nataka kuagiza ejekta (kipande kinachorusha ganda nje) yenye namba 30274 na ekstrakta mpya (ukucha unaovuta ganda kutoka chemba). Picha ya ejekta yangu nimeiweka hapa. Nianze na ipi? Niko Arusha.

KahawaChungu: Ejekta huuziwi kivyake, imechomekwa kwenye nyumba ya triga, unanunua vyote pamoja. Ya zamani imeandikwa 336. Angalia nyumba iwe ya Gen3, ya Gen4 haiingii humo. Ila kabla ya hela kutoka: springi ya slaidi ni ile iliyokuja na bastola?

Msakina: Springi haina tatizo mkuu. Ejekta inauzwaje?

Dogo Njiro: Vaa pama mkuu, tatizo limekwisha.

MamaShamba: Mimi nauliza risasi. Risasi nyepesi zenye baruti kidogo haziisukumi slaidi mpaka mwisho. Na mkono ukilegea inakuwa hivyo hivyo. Wanaume mnakimbilia vipuri, mkono hamuusemi.

KahawaChungu: Hujajibu. Springi ni ya kiwandani au siyo?

Msakina: Sawa. Niliweka ya ratli 22 kupunguza kishindo. Na ekstrakta niliipitisha msasa kwenye ukucha, kidogo tu. Lakini wiki ya kwanza ilitoka safi, kwa hiyo springi siyo. Na fundi wa Kijenge nimeshaongea naye, Jumamosi nampelekea.

KahawaChungu: Ndiyo hiyo uliyoificha. Ya kiwandani ni kama ratli 18. Kwa 22 slaidi inarudi nusu njia, ganda linagonga ejekta polepole na kuruka popote. Rudisha ya zamani, kisha pima mara mbili, uwanjani:

Weka risasi moja tu kwenye magazini, piga. Slaidi isipobaki nyuma, haifiki mwisho.

Kisha pakia risasi moja chemba, toa magazini, piga. Ganda likidondoka chini kwenye mshiko, ukucha haushiki. Hapo ndipo ununue ekstrakta, na ile ya msasa itupe.

Mzee Tengeru: Huyo fundi ana leseni ya kutengeneza silaha? Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015 haichezewi. Bastola haiachwi kwa mtu kama radio.

Dogo Njiro: Chai hii. Kwanza picha aliyoweka inaonyesha ejekta kulia. Glock ejekta iko kushoto, ekstrakta ndiyo kulia. Mleta mada hana bastola, ana intaneti.

MamaShamba: Chai yenye tangawizi kabisa.

Msakina: Nimepiga picha kwa mbele ya mtutu! Ukiitazama huku, kushoto kunakuwa kulia. Imeandikwa 336, vuteni karibu muone.

KahawaChungu: Dogo, amekujibu. Msakina, mtutu usielekezwe kwenye simu wala uso, hata ikiwa tupu. Ekstrakta ukiibadilisha: magazini nje, chemba ichunguzwe kwa macho na kidole. Ukishaondoa slaidi, shusha kikono cha plastiki cha pini ya kupigia kwa kijiti chembamba, telezesha kibamba cha nyuma, huku kidole kingine kikizuia springi isikurukie. Ukirudisha kijiti chenye springi kinachosukuma ekstrakta, ncha ya chuma ielekee ekstrakta, kipande cha plastiki kielekee kibamba. Ukigeuza, shinikizo linakosekana. Na njia ya pini usiitie mafuta, inashika masizi na kuwa uji.

Mzee Tengeru: Na fundi?

Msakina: Nimemwambia aahirishe. Nimerudisha springi ya zamani. Magazini mbili zimepita, maganda yote yamelala kulia, hatua mbili hivi. Ila lile la kipimo cha pili, nilipopiga bila magazini, lilidondoka chini kwenye mshiko.

KahawaChungu: Basi ekstrakta tu. Ejekta iache.

Dogo Njiro: Pama iuzeni kwangu.