Tupeane uzoefu: neno gani lilikurudisha hospitali, au lilikufukuza?

Mwanzisha mada
Wakuu, tukitetea haki za wapenzi wa jinsia moja na transijenda (watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa), mara nyingi tunaishia kwenye sheria na mahakama. Leo tushuke hadi dirisha la mapokezi. Naanza mimi.

Nilipata kidonda sehemu ya haja kubwa. Hakikuuma, na hilo ndilo lililonipumbaza. Kituoni nesi akauliza kimetokana na nini, nikasema ukweli. Akatoka, akarudi na wenzake wawili ambao hawakuwa na kazi pale zaidi ya kunitazama. Nikavaa, nikaondoka, kadi nikaiacha mezani. Kidonda kikapona chenyewe nikamshukuru Mungu. Kumbe kaswende ndivyo ilivyo, kidonda hupotea bila dawa na ugonjwa ukabaki mwilini. Baadaye nikatokwa na vipele viganjani na kwenye nyayo. Safari hii daktari mwingine aliuliza huku akiandika, wala hakuinua macho: "Unakutana na wanaume, wanawake, au wote? Namuuliza kila mtu." Hiyo "kila mtu" ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikachomwa penisilini, mambo yakaisha.

Dada Mpole
Pole sana ndugu. Mimi niliomba kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Mhudumu akauliza habari za mume, nikasema mwenzi wangu ni mwanamke. Akasema basi hukihitaji. Nikamwamini miaka sita! Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, huambukizwa kwa kugusana ngozi sehemu za siri, havimsubiri mwanaume. Nilipopimwa hatimaye walikuta seli zimeanza kubadilika, wakaziondoa. Mwenye mlango wa kizazi apimwe, wakiwemo kaka zetu waliozaliwa wakaitwa wasichana.

Ndevu Mpya
Hapo umenigusa. Kwangu shida ni jina. Ukumbi umejaa, linaitwa jina la kike, nasimama mimi na ndevu zangu. Mara ya pili nilikaa kimya, wakaliita mara tatu, wakanipita, nikarudi nyumbani na homa yangu. Mara ya tatu nilimfuata mama wa mapokezi pembeni. Akasema, "Mwanangu, nitakuita kwa namba." Basi. Na kuna wanaotuita wagonjwa wa akili: wapenzi wa jinsia moja waliondolewa kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani tarehe 17 Mei 1990, ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa. Sisi transijenda tulitolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili katika ICD-11, yaani toleo la 11 la orodha hiyo, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Anayebisha anasoma kitabu cha zamani.

Nesi wa Zamu
Nitajishtaki mwenyewe. Niliwahi kuwa yule anayeita wenzake. Semina nilihudhuria, nikala chakula, nikasaini, nikabaki vilevile. Kilichonibadilisha ni kijana aliyekuja siku ya tano baada ya kondomu kupasuka, akiomba PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya mtu kuwa hatarini kuambukizwa. Dawa hiyo inatakiwa ianze ndani ya saa 72, kisha inamezwa siku 28. Nikamfokea, mbona umechelewa? Akajibu taratibu: "Nilikuja siku ya pili. Nikakuona wewe ndiye uko zamu, nikageuza." Alipopimwa baadaye hakuwa na maambukizi. Bahati yake, mimi sikuchangia chochote.

Mama Watatu
Mimi dini yangu siiachi, na sikuja kubishana. Mwanangu wa pili anaishi na VVU na ana mwenzake wa kiume. Nilimtengea kikombe. Mshauri akaniambia kikombe hakijawahi kumwambukiza mtu VVU, halafu akaongeza kwamba akimeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hata mwenzake hamwambukizi kwa ngono. Nikasema hilo sasa uongo. Akanieleza utafiti wa PARTNER2 wa 2019: jozi 782 za wanaume, mmoja ana virusi akiwa kwenye dawa na mwingine hana, wakikutana bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Kile kikombe nilikiangusha kwa makusudi.

Mpita Njia
Hivi mnadai haki au upendeleo? Mimi si mmoja wenu na nesi alinitukana vilevile.

Mwanzisha mada
Mkuu, karibu kwenye uzi. Na wewe ulitakiwa usitukanwe.

Mwelimishaji Rika
Sisi tulianza vibaya. Tulikwenda zahanati na mabango, wahudumu wakafunga milango na wagonjwa wakatuchukia. Tukarudi watu wawili tu, na maombi yasiyogharimu kitu: msiulize mambo ya faragha mbele ya foleni, swali la wapenzi aulizwe kila mtu, na mtu aitwe kwa namba. Mganga mfawidhi alikubali mawili siku hiyohiyo. La namba lilichukua miezi, eti linavuruga mafaili. Ukitukanwa, andika tarehe, saa na maneno yenyewe, ukiwa na shahidi ni bora zaidi. Ila pale ambapo sheria inawawinda watu, majina ya wenzenu yasiandikwe popote, hata kwenye simu. Daftari la kikundi likikamatwa linageuka ushahidi.

Mgeni Kabisa
Samahani, naingilia. Nilipima mkojo, majibu safi, lakini mwenzangu ana kisonono. Niache kufuatilia?

Nesi wa Zamu
Usiache. Mkojo unaonyesha njia ya mkojo tu. Kisonono na klamidia hukaa pia kooni na kwenye njia ya haja kubwa, mara nyingi bila dalili yoyote. Waambie wachukue sampuli kwa pamba huko kulikohusika. Ukiona aibu kutamka, andika kwenye kikaratasi umpe mhudumu. Mimi napewa sana, na huwa sisomi kwa sauti.