Paje, Diani au Watamu: wapi pa kujifunza kaiti kwa siku saba?

Nafula_Eldoret
Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tunataka kujifunza kaiti, yaani kuteleza baharini kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa, likizo ijayo, siku saba. Tumebakiza Paje ya Zanzibar, na Diani na Watamu za pwani ya Kenya, na bei za vyumba zinakaribiana. Twende wapi? Arubuni natuma wiki hii.

PepoZaKusi
Dada, umetaja yote isipokuwa mwezi. Kusi huvuma Juni hadi Septemba, kaskazi katikati ya Desemba hadi Machi mapema. Nje ya hapo utalipia kaiti ilale mchangani. Tupe mwezi, uzito wa kila mmoja, na kama nyote mnajua kuogelea. Arubuni isubiri.

Mzee_wa_Ukunda
Diani. Mwamba uko mbali na unavunja mawimbi, chini ni mchanga, na kusi linatoka kulia ukitazama bahari, likikusukuma kurudi ufukweni, si kuelekea Bara Hindi. Tatizo ni bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida: yakijaa kabisa, sehemu kadhaa za ufuo humezwa hadi kwenye kuta za hoteli. Kamba za kaiti zina mita 20 na zaidi, kwa hiyo upande unakokwenda upepo uwe wazi angalau mara mbili ya hapo. Ukiwa na ukuta au minazi hapo, usirushe.

Nafula_Eldoret
Samahani. Ni likizo ya shule, Aprili au Agosti 2026. Mimi kilo 61, yeye 88. Yeye anaogelea baharini, mimi bwawani tu. Tunakuja na watoto wawili, miaka 6 na 9.

BintiJambiani
Dada, watoto ndio ungeanza nao! Aprili futa, ni masika. Agosti njoo Paje, lakini panga kwa mwezi wa angani, si kwa bei ya chumba.

Kinachowaharibia wanaoanza huku si upepo, ni saa ya somo. Mgeni anafika siku za bamvua, anauziwa somo la saa 4 asubuhi kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki. Saa hiyo ndipo bamvua limekupwa. Maji yamekwenda mbali, anatembea nusu ya muda wake wa kulipia akibeba kaiti, na akifika maji yako kwenye vifundo. Kaiti ikimvuta anaangukia magoti kwenye mchanga mgumu, ikidondoka kamba zinanasa kwenye vigingi vya mashamba ya mwani. Kesho yake anasogezwa saa 10 jioni. Sasa bahari imejaa, tofauti ya karibu mita 4, palepale aliposimama jana miguu haigusi chini. Mtu wa bwawani hapo hafundishiki, anameza maji tu. Siku mbili zimekwisha, na anasema Paje mbaya.

Siku za bamvua omba saa 6 hadi saa 8 mchana, maji yakianza kujaa na kufika kiunoni. Bora zaidi chagua maji mafu: bahari haipandi wala haishuki sana, unapata kina cha kusimama kwa saa nyingi. Agosti 2026 mwezi unaandama karibu tarehe 12, kwa hiyo bamvua ni 13 hadi 15. Njooni tarehe 4 hadi 10.

PepoZaKusi
Nakubaliana kuhusu saa. Naongeza uzito. Kilo 61 na 88 hawashiriki kaiti moja. Upepo wa noti 16 hadi 18 (kama kilomita 30 hadi 33 kwa saa), dada anahitaji kaiti ya mita za mraba 9, mume 12. Vituo vingi huuza somo la wawili kwa kaiti moja ya kupokezana. Wakiwapa 12 dada ataburutwa, wakiwapa 9 mume hatasimama ubaoni. Uliza mapema: kila mtu na saizi yake, au masomo tofauti.

Hesabu jumla ya saa 10 hadi 12 za masomo kwa kila mtu: kwanza kaiti ndogo mchangani na kifyatuo cha dharura, cha kuiachia kaiti, mpaka mkono ukipate bila kutazama, kisha kuburutwa majini bila ubao, mwisho kuinuka na ubao. Msilipie zaidi ya siku tatu kwa mkupuo.

Mtoro_wa_Malindi
Na watoto watafanya nini mkiburutwa? Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, samaki wanaonekana kwenye maji ya kiuno. Kaiti mnafuata kaskazini ya Malindi, mchanga mtupu. Ghuba ya Malindi yenyewe haina mwamba mbele, kusi linaleta mawimbi hadi ufukweni, mume ajaribu ubao wa mawimbi. Maji huwa ya kahawia Mto Sabaki ukifurika.

Mzee_wa_Ukunda
Mawimbi hakuulizwa. Na Paje, hivyo vigingi si viondolewe tu eneo la kaiti?

BintiJambiani
Viondolewe kwa nini, mzee wangu? Mashamba ya mwani yalikuwepo kabla ya kaiti ya kwanza, na ni kazi ya mama zetu. Kamba ikikatwa na ubao, mwani unaondoka na maji. Mwalimu mzuri anajua mashamba yaliko na anakuweka mbali nayo. Ukinasa, lipa.

Mzee_wa_Ukunda
Hapo umenishinda, mwanangu.

PepoZaKusi
Turudi kwa safari. Paje inataka pasipoti na kadi ya homa ya manjano, watoto pia. Diani ni treni ya Nairobi hadi Mombasa, shilingi 1,500 daraja la kawaida, 4,500 la kwanza. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Ukunda karibu na Diani zinabana mizigo, ubao wako uuache nyumbani.

Nafula_Eldoret
Asanteni sana. Tarehe 4 hadi 10 tumekubaliana. Mume ameelemea Diani kwa ajili ya treni, mimi nafikiria Paje. Treni ya saa 9 alasiri inafika usiku, tuvuke feri ya Likoni na watoto?

Mzee_wa_Ukunda
Usivuke feri. Mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, mnatokea upande wa kusini bila foleni. Patana bei kabla ya kupanda.

Mtoro_wa_Malindi
Au mshuke Mombasa, mje Watamu.