Ushauri: ukuta wa chumba unaopakana na bafu unalowa, nyumba iko Kigoma

Mkazi wa Mwanga:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Mwanga, Kigoma mjini, tuliyohamia miaka sita iliyopita. Bafu limepakana na chumba cha watoto, na tangu mvua za mwaka jana ukuta wa chumba hicho unalowa kuanzia sakafuni hadi kozi ya nne ya matofali. Rangi inabanduka, lipu inatoa unga mweupe, na nguo za kabatini zinanuka uvundo. Fundi wa kwanza alikwangua akapaka rangi ya mafuta, lakini baada ya miezi mitatu unyevu ulirudi, tena ukapanda juu zaidi ya ulipokuwa. Fundi wa pili anasema nibomoe bafu lote. Kabla sijaingia gharama hiyo, ningependa kujua kama maji yanaweza kuzuiwa bila kung'oa marumaru, na kama haiwezekani, kazi ifanyweje ili nisiirudie.

Mama wa Gungu:
Pole sana, ndugu yangu. Sisi tulikwangua maungio yote ya marumaru, tukajaza upya saruji nyeupe, na mwaka mzima umepita bila tatizo. Jaribu hilo kwanza, ni rahisi.

Fundi Mstaafu, Ujiji:
Dada yangu wa Gungu amepata nafuu, nami namfurahia, ila saruji ya maungio haizuii maji. Inayapunguzia kasi tu. Marumaru zenyewe ni pambo na wepesi wa kusafisha. Kinachozuia maji ni tabaka linalopakwa chini yake, na nyumba nyingi nilizowahi kubomoa bafu hapa mjini hazikuwa na tabaka hilo hata kidogo. Kuhusu rangi ya mafuta, iliziba njia ambayo ukuta ulikuwa ukipumulia, kwa hiyo unyevu ukatafuta mahali pa kutokea juu zaidi.

Hata hivyo, usishike tindo kabla hujajua maji yanatoka wapi. Kwanza, funga koki zote usiku, soma mita ya maji, kisha isome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Pili, ziba tundu la kutolea maji, jaza sakafu maji ya kina cha sentimita mbili, weka alama ukutani, na subiri saa 24. Tatu, ambalo wengi hulisahau: bomba linalopanda kutoka koki ya shawa hadi juu huwa halina maji mpaka koki ifunguliwe, kwa hiyo mita haiwezi kulifichua. Kwa siku kadhaa msiogee humo, bali fungulieni shawa ndani ya ndoo bila kulowesha ukuta, mkiangalia upande wa pili. Ukuta ukizidi kulowa, kosa ni la bomba. Usipozidi, rudieni kwa kumwagia ukuta wenyewe maji.

Mwalimu wa Katubuka:
Naongeza jambo moja. Nyumba za mteremkoni kama za Mwanga hupokea maji ya mvua kutoka nyuma, na ardhi ikilowa unyevu hupanda kwenye msingi. Kama kuta nyingine zisizopakana na bafu nazo zinalowa, tatizo si bafu, na pesa ya marumaru itakuwa imepotea bure.

Mkazi wa Mwanga:
Shikamoo mzee wangu, nami nimerudi na majibu baada ya siku kumi. Mita haikusogea. Maji ya sakafuni yalibaki kwenye alama. Shawa ya ndoo haikuongeza unyevu, lakini tulipomwagia ukuta maji kwa nusu saa, asubuhi yake upande wa chumba ulikuwa umeiva weusi. Kuta nyingine ni kavu.

Fundi Mstaafu, Ujiji:
Marahaba. Basi sakafu yako imenusurika kwa sehemu kubwa, na huyo aliyetaka kubomoa bafu lote angekuumiza. Ng'oa marumaru za ukuta wa shawa pamoja na mstari mmoja wa sakafu unaougusa, kwa sababu tabaka jipya lazima lishuke na kuzunguka kona. Kona ndiyo hupasuka kwanza. Piga lipu upya, iloweshe maji kwa siku saba, kisha kwenye kona jaza saruji kwa umbo la mviringo na ulaze wavu wa nyuzi. Hapo ndipo upake dawa ya kuzuia maji, ile ya saruji inayopakwa kwa brashi, mikono miwili, yaani tabaka mbili, la pili likikatiza la kwanza, hadi urefu wa sentimita 180 au juu kidogo ya shawa. Bomba linapotokeza ukutani pazungushie dawa kwa uangalifu. Dukani soma tarehe kwenye mfuko, maana mfuko uliokaa stoo muda mrefu huanza kuganda. Kabla ya kurudisha marumaru, mwagia ukuta maji tena kama ulivyofanya, na usimruhusu fundi akuharakishe. Marumaru zikisharudi, ungio lao kwenye kona ya ukuta na sakafu liachwe bila saruji, lijazwe silikoni.

Mkazi wa Mwanga:
Asante sana, mzee. Na ukuta wa chumbani niupake rangi lini?

Fundi Mstaafu, Ujiji:
Si mwaka huu, labda. Kwa makadirio ya mafundi, ukuta hukauka unene wa sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na huo wako utakauka kwa upande mmoja tu. Kwangua rangi yote ya mafuta, vuta kabati mbali na ukuta, fungua dirisha mchana. Ukifanya kazi mwezi Juni, kiangazi chote kitakusaidia kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza. Baadaye paka chokaa kwanza, uone kama unga mweupe utarudi.