Naomba ushauri: programu ya bure ya kuchora bodi ya saketi ndani ya kivinjari

mwagamaji

Wakuu, habari za saa hizi. Nina kisaketi cha kumwagilia maua nilichokiunga mwenyewe: kipima unyevu wa udongo, kidhibiti ATmega328, transista BC547, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 5 na pampu ndogo. Kwenye bredibodi (ubao wa majaribio wa kuchomeka waya bila kulehemu) kinafanya kazi vizuri mpaka mtu akiguse. Juzi nilikuwa napangusa vumbi mezani, waya wa kipima ukachomoka bila mimi kuona, kikadhani udongo umekauka. Pampu ikasukuma maji mpaka sakafuni.

Sasa nataka kuchora bodi ya kweli nikaiagize. Kompyuta yangu kuukuu, RAM GB 4, programu nzito inaifanya iheme kama mbwa mchana. Nasikia zipo za bure zinazofunguka kwenye kivinjari, husakinishi kitu. Aliyewahi kuzitumia anieleze: zinamtosha mtu anayejifurahisha tu kama mimi? Na mchoro wangu ukikaa kwenye seva za watu, ni wangu kweli?

shabambili

Karibu mkuu. Kwa saketi kama hiyo zinatosha na kubaki. Anza na EasyEDA: unafungua akaunti, unachora saketi, unaigeuza kuwa bodi, unapakua faili za Gerber (zile kiwanda kinazotengenezea bodi) pamoja na ile ya matundu, basi. GB 4 zitakutosha kama hujafungua vichupo thelathini pembeni.

Ila ngoja nikupe kisa kabla hujaagiza.

Bodi yangu ya kwanza niliichora kwenye programu ya namna hiyo (jina silitaji, kosa lilikuwa langu). Nilikuwa na rilei na BC547 kama wewe. Kwenye maktaba ya vijenzi ndani ya programu nikaandika "NPN", aina ya transista kama BC547, ikaja orodha ndefu, nikachukua ya juu. Umbo lile lile, miguu mitatu, nikajisemea zote ni zile zile. Nikaagiza bodi tano. Zilipofika nilizigeuzageuza chini ya taa weee, kisha nikalehemu moja usiku huo huo. Nikawasha. Kimya. Rilei haikulia hata "tak". Multimita inasema kidhibiti kinatoa volti 5 kama kawaida, lehemu inang'aa, transista baridi. Nikaing'oa, nikaweka nyingine. Kimya tena.

Karibu saa saba usiku ndipo nilipofungua karatasi za data mbili (maelezo ya mtengenezaji kuhusu kijenzi) nikaziweka sambamba. BC547 ukiielekeza upande bapa kwako, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Ile niliyoiokota kwenye maktaba ilikuwa 2N3904: emita, besi, kolekta. Ukaguzi wa kanuni ndani ya programu haukulalamika, na usingeweza. Wenyewe unapima nafasi kati ya njia za shaba na kama kila kitu kimeungwa kilivyochorwa. Haujui wewe mkononi umeshika transista gani.

Bahati yangu besi iko katikati kwa zote mbili. Nikaizungusha nusu duara, upande bapa ukaangalia kinyume na mchoro mweupe wa kwenye bodi, rilei ikalia. Bodi zote tano zimevaa transista kinyume mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza, chapisha bodi kwenye karatasi kwa asilimia 100, printa isijitie kuipunguza ili ienee ukurasa. Iweke juu ya kipande cha boksi, halafu choma miguu ya kila kijenzi kwenye matundu yake huku karatasi ya data iko wazi mbele yako. Dakika kumi tu.

Mengine ni madogo. Njia za ishara mm 0.25 zinatosha, ya pampu ipe mm 1.5 hivi, maana shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikromita 35 tu. Dayodi ya rilei, mstari wake uelekee chanya. Na kile kitufe cha programu kujichorea njia yenyewe usikiguse. Una waya kama ishirini, zichore kwa mkono.

bilawingu

Shabambili swali la pili kaliruka, acha nilibebe mimi. Mchoro ni wako, mlango si wako. Angalia Eagle, programu nyingine ya kuchora bodi: ilikuwa kipenzi cha wengi, toleo la bure lilikupa tabaka 2 na bodi isiyozidi sentimita za mraba 80. Autodesk waliinunua 2016, na 2023 wakatangaza kwamba mwisho wake ni tarehe 7 Juni 2026. Na hiyo ilikuwa programu ya kusakinisha. Ya mtandaoni ikifungwa, hata pa kufungulia hupati.

Basi kila ukimaliza kazi ya siku, pakua faili ya mradi wenyewe. Gerber peke yake haitoshi, ile ni picha ya shaba na matundu. Ukitaka kubadilisha kitu kesho utalia. Ukiwa na faili ya mradi unaweza kuhamia KiCad, programu ya kusakinisha, ambayo Jean-Pierre Charras aliianzisha 1992 na bado ni ya bure kabisa. Tangu toleo la 8, la 2024, inafungua miradi ya EasyEDA.

Halafu hayo maji sakafuni bodi haitayazuia. Ongeza rezista inayoivuta pini ya kipima upande wa "udongo umelowa", ili waya ukichomoka pampu itulie.

mwagamaji

Nimerudi wakuu. Rezista nimeiweka, na bodi nimeichapisha na kuichoma juu ya boksi. Transista iko sawa, niliitafuta kwa jina lake kamili. Kilichogoma ni kiunganishi cha skrubu cha pampu: changu miguu imeachana mm 5.08, nilichokichora ni cha 3.5. Nikiweka cha ukubwa sahihi kinagongana na tundu la skrubu la kona.

shabambili

Sogeza tundu, kiunganishi kiache ukingoni, la sivyo waya wa pampu utauingizia wapi? Ukishasogeza, chapisha tena.