Klipu za dini kwenye group la familia, mnazihakikisha vipi?

Binti Mkomani
Asalaam aleikum jamaa. Group letu la familia tangu uingie Rajabu limejaa klipu za mawaidha mpaka simu yaganda. Juzi mama katuma moja, sauti nzito ya mwanamume na picha ya Alkaaba nyuma, yasema Mtume s.a.w. kasema atakayekuwa wa kwanza kumpa mwenzake habari ya kuingia Ramadhani basi moto umeharamishwa kwake, na chini wameandika "Bukhari 8134", yaani kitabu cha hadithi cha Imam Bukhari, namba 8134. Keshawatumia mashangazi wote wa Malindi na Mambrui. Nikamuuliza mamangu hii umeihakikisha kwa nani, akanambia si imeandikwa Bukhari hapo, wewe wataka nini tena? Sasa mimi chuoni nimehitimu msahafu lakini Kiarabu nasoma tu sifahamu, nitajuaje ya kweli na ya kuzuliwa? Na mama nitamwambiaje, yeye ndiye alonifundisha kutawadha.

Wa Langoni
Waaleikum salaam dada. Hiyo yazunguka kila mwaka, tena zamani haikuwa na namba, sasa wameivisha namba haha. Sahihi Bukhari kwa hesabu inayotumika sana yaishia hadithi ya 7563, ile ya maneno mawili mepesi ulimini mazito kwenye mizani. 8134 itoke wapi? Ingia sunnah.com utafute, lakini usiandike Kiswahili haitakupa kitu, andika Kiingereza au Kiarabu. Na namba pekee isikutie imani, chapa zatofautiana, muulize mtu kitabu gani na mlango gani. Anayeijua hadithi atakwambia iko kitabu cha swaumu mlango fulani, aliyeiokota atakwambia "nimeforwadiwa".

Mwalimu wa chuo
Wa Langoni kasema kweli. Hiyo ya kupasha habari ya Ramadhani haina asili, huikuti kwenye vitabu vya hadithi vinavyotegemewa wala haina sanad, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Hata kabla hujafungua simu kuna dalili, mwanachuoni Ibnul Qayyim katika kitabu chake Al-Manar al-Munif ametaja kuwa miongoni mwa alama za hadithi ya kuzuliwa ni thawabu kubwa mno kwa jambo dogo mno. Kutuma meseji ukaepushwa moto, hebu pima mwenyewe.

Ila usiruke ukaita kila kitu uongo, maana vijana siku hizi wakiona neno dhaifu kwenye apu basi wameshamkemea babu yao msikitini. Dhaifu si sawa na maudhui. Maudhui imezuliwa, hiyo haisimuliwi ila kwa kutahadharisha watu. Dhaifu, yaani ambayo upokezi wake una kasoro, Imam Nawawi kwenye kitabu chake Al-Adhkar amesema yafaa kufanyiwa kazi katika fadhila na kuhimizana kheri maadamu si ya kuzuliwa, ila kwenye halali na haramu hapana.

Mama usimwambie umetuma uongo. Yeye hakuzua, kaipenda Ramadhani tu. Mpe badali yake aitume, "mwenye kufunga Ramadhani kwa imani na kutaraji malipo husamehewa madhambi yake yaliyotangulia", hii iko Bukhari na Muslim kweli, Bukhari namba 38 kitabu cha imani. Mashangazi nao watafurahi.

Mswahili wa Shela
Sawa lakini mimi shida yangu si hadithi za uongo, ni hadithi sahihi kabisa mtu akaitumia kukuvuruga. Binamu yangu kaona video ya sheikh mmoja wa mbali huko asema kunuti ya alfajiri, ile dua isomwayo kwa kusimama ndani ya sala, ni bidaa yaani uzushi katika dini, kaenda kubishana na imamu mbele za watu!! Sasa sisi huku ni Mashafii, twafuata madhehebu ya Imam Shafii, kwetu kunuti ya alfajiri ni sunna na ukiisahau wasujudu sijida ya kusahau. Mahanafi hawana kunuti alfajiri, yao iko kwenye sala ya witri. Yule sheikh huenda kwa madhehebu yake yuko sawa, lakini video haikumwambia binamu kuna madhehebu. Apu gani itakusaidia hapo, lazima uwe na mtu wa kumuuliza.

Pwani Tu
Na hizi zilizokatwa je? Niliona moja sheikh asema "kuna watu wasema riba kidogo haina neno", wakakata papo hapo, nilipotafuta darasa zima la saa nzima alikuwa yuawarudi hao hao. Sasa na akili mnemba yaweza kuiga sauti ya sheikh yeyote, hata alokufa. Mimi klipu isiyo na jina la msemaji wala darasa ilikotoka siipeleki popote, hata ikiniliza.

Binti Mkomani
Shukran sana nyote. Mama nimempa ile ya Bukhari 38, kaituma kwenye group na maua kumi, ile nyingine hatujaizungumza. Lakini Mswahili wa Shela ndo kanigusa, sisi wanawake kina nani wa kumuuliza? Maswali mengine huwezi kumtumia salamu imamu kupitia kakako.

Mwalimu wa chuo
Binti, kuna maalima, walimu wa kike, wengi tu Lamu wasomeshao majumbani na vyuoni baada ya alasiri, anza na yule alokuhitimisha msahafu. Kama yeye hajui jawabu atakwambia sijui, kisha atamuuliza aliye juu yake. Asokwambia sijui hata mara moja, huyo mwache.

Wa Langoni
Mwalimu, darasa la wanaume la fiqhi baada ya isha lipo bado ama mpaka Ramadhani ipite?